Saa Moja Kabla ya Kusahau

Siku hizi anayetaka kuanza maisha upya hufutwa kumbukumbu na kupelekwa mji mdogo wa milimani, na ni marufuku kumkumbusha alikotoka. Ndivyo Ambonisye alivyomwacha mkewe, Tusekile, baada ya miaka tisa ya ndoa. Tusekile naye akamfuata hukohuko milimani, akafungua mgahawa mkabala na nyumba ya Ambonisye.

"Dada, supu yako inanifanya nijisikie nyumbani," Ambonisye alimwambia siku ya tatu.

"Kunywa, kaka. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Miezi sita baadaye, asubuhi ya harusi yao, Tusekile aliingia ofisi ya kufuta kumbukumbu. Alimweleza karani kuwa anataka Ambonisye aachwe kama alivyoachwa yeye, abaki akikumbuka peke yake.

"Lakini ukishafutwa, mama, hutajua hata kama umelipiza," karani alimwambia.

Hilo Tusekile hakuwa amelifikiria. Akatazama dirishani. Mbele ya kanisa Ambonisye alisimama amevaa suti ya kuazima, akimchekea kila aliyepita, macho barabarani.

"Basi nipe saa moja kwanza," akasema, akivuta kiti hadi dirishani. "Acha nishibe kumwangalia."