Kucha za Mkono wa Kulia

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu, kucha za mkono wa kulia wa Felista zilikuwa chini mchangani, mbele ya mstari wa kidato cha nne. Aliyezikata ni Mwalimu Paskalia, msimamizi wa nidhamu katika shule hiyo ya Bigwa.

Mwalimu Dadi wa muziki alipata habari akiwa ofisini. Aliinuka, kiti kikaanguka, hakukiokota.

Kucha zile zilikuwa na ruhusa. Mkuu wa shule aliitoa mbele ya walimu wote, kwa sababu Felista alikuwa akijifunza tremolo ya gitaa. Kidole gumba hupiga besi, kisha cha pete, cha kati na cha shahada hupiga uzi mmoja mfululizo, haraka, mpaka sikio lisikie sauti moja ndefu. Kidole kimoja kikichelewa, sauti inachechemea.

Dadi mwenyewe hakuwahi kuipata. Kuifundisha alijua. Alitandika leso chini ya nyuzi ili mlio ufe, usikike mguso peke yake, na kila kidole cha kati kilipozembea alimrudisha Felista kwenye mwendo wa taratibu. Ilichukua miaka miwili. Msichana aliyetoka Kinole, kijijini mlimani, akiwa hajawahi kushika gitaa, sasa alipiga bila pigo moja kuzidi jingine.

Rekodi ilitakiwa kutumwa kabla ya saa sita mchana. Ulikuwa mchujo wa nafasi moja ya masomo ya muziki Ulaya, na kwa kuanzia waandaaji walitaka sauti tu. Rekodi ya Jumamosi iliharibiwa na pikipiki iliyopita nje, ikafutwa.

Dadi alimkuta Paskalia mlangoni pa stoo.

"Madamu, umekata miaka miwili."

"Mimi nakagua kucha, Mwalimu. Vipaji sikagui."

Dadi alimwambia kwamba huo ni wivu, kwamba atamfikisha kwa afisa elimu, kwamba mtu asiyejua tofauti ya gitaa na jembe hana haki ya kugusa mkono ule. Walimu wawili walitoka kusikiliza. Paskalia alimwacha amalize.

"Alitoka mstarini mwenyewe, akaninyooshea mkono. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika."

Dadi alimwita mwongo. Paskalia alimwita Felista.

"Ni kweli," Felista alisema, macho yakiwa kwenye viatu vya Dadi. "Nilimwomba Madamu anikate."

Hasira ikahama. Dadi alimuuliza kama anajua ni watu wangapi wa Morogoro waliowahi kuisogelea nafasi kama ile, na kama huko kwao mlimani shukrani hawaijui. Dadi alimshika bega, akampeleka chumba cha muziki, akafunga mlango na madirisha, akamsukumia gitaa.

"Utapiga na nyama za vidole. Ukichechemea, tunaanza upya. Na usinitazame hivyo, hizi kucha hukuziotesha peke yako."

Felista alipiga. Bila kucha sauti ilitoka nyepesi, imepoteza ukali wake, lakini vidole vitatu vilifuatana sawasawa. Alijaribu kukichelewesha cha pete. Kilikataa. Dadi alisikiliza mpaka mwisho, mishipa ya shingo ikalegea.

"Wakati mwingine ukitaka kuniharibia," alisema, "kata vidole."

Aliweka simu mezani, akaanza kurekodi, akainama karibu nayo.

"Jina langu ni Dadi Kibwana, kutoka Morogoro, Tanzania," alisema kwa sauti ya upole, maneno yale yale ya Jumamosi. "Kipande hiki ninakipiga mwenyewe."

Akampa Felista ishara kwa kichwa. Felista alilaza kiganja juu ya nyuzi zote sita, akakiacha hapo.