Jezi ya Ukoo wa Swala

Siku ile kwenye uwanja wa chuo walikuwepo kocha Nyumbu, kipa Swala, winga Kiboko, Nguchiro kiongozi wa mashabiki, na Bata aliyewaletea wachezaji maji. Timu ilikuwa imefungwa mechi sita, na ikifungwa ya saba ingeshuka daraja.

Kufikia mapumziko walikuwa wamefungwa mawili.

"Kiboko, toka! Gunia la pumba wewe!" alipiga kelele Nguchiro.

Kiboko akalia. Bata akampa maji, kisha akamgeukia kocha kwa hasira. "Huoni haya, Nyumbu? Mzito unamkimbiza, mwenye mbio unamsimamisha golini, halafu matusi anayala huyu!"

"Mama, jezi ya kipa ni ya ukoo wa Swala tangu enzi za babu yake. Ndivyo tulivyozoea."

"Na kufungwa mmezoea!"

Swala aliposikia hayo, akaivua jezi na kumvika Kiboko. Ikapasuka mgongoni. Kipindi cha pili Kiboko alilijaza goli lote, na Swala akafunga matatu.

Nguchiro akaliimba jina la Kiboko kana kwamba hakuwahi kumtukana.

Jumatatu Nyumbu alifukuzwa kazi kwa zile mechi sita walizofungwa. Alipokuwa akifungasha vitu vyake, Bata alimpelekea maji.