Monita Ndani ya Maua

Redio ya nne ilikutwa ndani ya soksi.

"Urvish!" Mama Vidya aliinyanyua juu ili mlango mzima wa ukumbi uione. "Hata wewe? Mjomba wa bibi harusi?"

Urvish aliinamisha kichwa. Redio ikaingia kapuni pamoja na zile tatu za mwanzo.

Mama Vidya hakuwa mkorofi bure. Mwaka juzi alipomwoza mwanawe wa kwanza, India ilikuwa inacheza kriketi siku hiyohiyo. Wanaume walichomoka mmoja mmoja, wakaenda kujazana kwenye duka la redio mtaani, na maharusi wakauzunguka moto wa ndoa mbele ya pandit, yaani kuhani wao, pamoja na akina mama na mpishi tu. Leo ilikuwa zamu ya binti yake, Zarna, na India ilikuwa inacheza tena. Mama Vidya alishaapa kwamba safari hii hatoki mtu.

"Fundi Ansbert," alisema, "nataka mtu aione harusi hata akigeukia wapi. Lakini nikiona kriketi humu ndani, televisheni zako utaziokotea barabarani."

"Ondoa shaka, mama," alijibu Ansbert, na kijasho kikamtoka.

Hakikuwa kijasho cha kazi. Kazi aliiweza. Tangu soko huria lianze kumwaga bidhaa za Dubai Kariakoo, hakuna fundi Mtaa wa Msimbazi aliyekuwa ameunganisha televisheni sita kwenye kompyuta moja, na yeye aliziunganisha zote asubuhi hiyo, zikaonyesha picha ya kamera ya harusi bila hata moja kukoroma. Kilichomtisha ni monita ya saba.

Juzi yake Neha, mdogo wa bibi harusi, alifika dukani na kikaratasi. Kiliagiza monita moja ndogo, ifichwe kwenye maua chini ya mandap, kile kibanda wanamokalishwa maharusi. Iangalie ndani. Ionyeshe kriketi. Mtu asijue.

"Nani anaitaka?" Ansbert aliuliza.

"Wewe weka tu, kaka. Amesema bila kriketi hakai, na asipokaa hakuna harusi."

"Bwana harusi huyo?"

Neha alicheka mpaka akashika kaunta. Ansbert akajua amepatia.

Sasa pandit alikuwa ameanza kusoma, na Ansbert amejikunyata pembeni na kompyuta yake. Urvish akaja kuchuchumaa karibu naye.

"Ule waya wa dishi nimeuona," alinong'ona.

"Waya gani?"

"Ansbert, ndugu yangu, nakufa. Sikiliza. Yule refa mwenye koti jeupe, akinyoosha mikono yote miwili juu, maana yake ni sita, alama kubwa kuliko zote kwa pigo moja. Ukimwona tu, kohoa. Basi. Kohoa."

Ansbert alikuwa mtu wa mpira wa miguu. Kwake kriketi ilikuwa watu wazima kusimama juani wakisubiri chai. Akamfukuza Urvish kwa mkono, akaendelea kumchunguza bwana harusi, kijana mmoja aitwaye Dhruv. Jamaa alikuwa anatabasamu kuelekea kamera bila kuangalia maua hata kidogo. Kweli huyu ana roho ngumu, Ansbert aliwaza.

Bibi harusi alikuwa kinyume chake. Alijifunika sari mpaka kwenye paji la uso, macho chini, kimya. Mara akaziba mdomo, mabega yakamtetemeka.

"Mtazameni mtoto," bibi mmoja wa safu ya mbele alisema, akijifuta machozi. "Wasichana wa siku hizi wanakodoa macho kama wako sokoni. Huyu ana haya zake."

Hata Ansbert alimhurumia. Naye ana binti.

Ni hapo mshale wa kipanya cha kompyuta ulipompotea. Ulivuka ukingo wa kioo chake, ukaingia kwenye ile monita ya mauani ambako hakuweza kuuona. Akautafuta kwa kubahatisha, akabonyeza, akavuta, na picha zikabadilishana nyumba. Kwenye televisheni zote sita akatokea mzee mwenye kofia na koti jeupe.

Wanaume arobaini walisimama. Bibi harusi naye aliinua uso kwa mara ya kwanza, akamtupia Ansbert jicho la kuua. Roho ikamuuma Ansbert kwamba amemharibia mtoto wa watu siku yake. Akavuta, akabonyeza, moto wa harusi ukarudi.

"Nani yule wa nguo nyeupe?" Mama Vidya aliuliza.

"Pandit, mama. Kamera iliteleza."

"Na kofia?"

"Kivuli, mama."

Mama Vidya akawageukia wanaume arobaini, nao wakaketi haraka, wakimsifu pandit. Urvish alibaki kumtumbulia Ansbert macho, kiganja kikiwa kooni, akimkumbusha.

Ikafika saa ya kuuzunguka moto.

"Bwana harusi na bibi harusi wasimame," pandit alisema.

Dhruv alisimama mara moja, bila hata kuyatupia maua jicho. Ansbert akashangaa. Zarna hakusimama. Pandit akarudia. Zarna akatikisa kichwa, macho chini, vidole vimeshika ukingo wa kiti.

"Uchungu wa kuacha kwao," bibi wa safu ya mbele alieleza, na akina mama wote wakaanza kulia. Mama Vidya mwenyewe alilia. Mpiga kamera akasogea karibu asikose chozi hata moja, mpaka uso wa Zarna ukajaa kwenye vioo vyote.

Watu wote wakageukia televisheni.

Polepole, kwenye televisheni zote sita, bibi harusi akainua kichwa, akanyoosha mikono yote miwili juu.

Ansbert akakohoa.