Matundu Arobaini na Moja

Mgeni alipotoboa tundu la saba, Wiebren alihisi kekee inapita kwenye goti lake mwenyewe.

Alijikaza, akatabasamu. Siku kumi na tisa alikuwa ameilea barafu ile. Mwezi wa kumi na moja aliyafungulia malisho ya ng'ombe maji yafike magotini, akangoja baridi, kisha kila alfajiri akawa ananyunyiza kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka uwanja mzima ukawa mweupe na laini kama sahani. Theluji ikianguka, ilikutana na fagio lake hewani. Alimfukuza mchungaji wa kanisa kwa sababu ya viatu vyake vyenye misumari. Mabata aliwafukuza kwa sababu zisizoandikika.

Na sasa mtu huyu, bila hata salamu ya maana, anaigeuza barafu kuwa chujio.

"Mwache," mkewe Geeske alimnong'oneza. "Mkaguzi lazima atoboe. Unene atausoma usoni kwako?"

"Najua. Lakini saba?"

"Kama barafu yako ni nzuri, unaogopa nini?"

Simu ya Chama cha Mbio ilikuwa imeingia jana yake jioni: mkaguzi angepita kijijini kwao Aldewier asubuhi, kisha aende kijiji jirani cha Boksterp. Kijiji cha kwanza kukutwa na barafu ya vidole vitatu kila upande ndicho kingeandaa mbio za kwanza za msimu za kuteleza kwenye barafu, nchi nzima ikitazama. Boksterp walikuwa wamezichukua miaka minne mfululizo, na kila mwaka Bwana Barafu wao, mtunza uwanja kama yeye, alimtumia Wiebren kadi ya posta yenye picha ya jua. Wiebren alikuwa na miaka sabini na nne. Alishamwambia Geeske kwamba kadi ya tano itamkuta kaburini.

Ndipo saa mbili asubuhi akalikuta jitu la mtu, kofia ya manyoya kichwani, limesimama katikati ya uwanja na kekee ndefu begani na sanduku la kukalia mkononi. Nani mwingine duniani hutembea na kekee ya barafu?

Mgeni hakuwa msemaji, na Wiebren alilipenda hilo. "Safari hii wameleta asiyeongea," alimwambia Sjoerd, katibu wa klabu. "Yule wa mwaka juzi, Boksterp walimpigisha soga mpaka akasahau kupima upande wa kaskazini."

"Mbona anakaa sana kwenye kila tundu?" Sjoerd aliuliza.

Mgeni alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, amewapa mgongo mpana kama mlango wa zizi. Alikuwa ameshusha kipimo chake tunduni, ametulia tuli.

"Huyo ni fundi, bwana. Wewe umezoea wa kulipua."

Kwenye tundu la kumi na tano mgeni alinyoosha kidole chini, akauliza kwa maneno ya kuokoteza: "Maji... mengi?"

"Mengi!" Wiebren alisema, kifua mbele. "Mengi mno, mheshimiwa! Hatukubania hata ndoo moja!"

Uso wa mgeni uling'aa. Akatoboa mengine kumi bila kupumzika.

Geeske akaleta supu ya njegere, nzito mpaka kijiko kinasimama chenyewe. Mgeni alikunywa mabakuli matatu. Kisha akaopoa kipande cha nyama ya nguruwe kilichobaki, akakikatakata vipande vidogo vidogo, akavitia mfukoni.

"Umeona?" Wiebren alimkonyeza mkewe. "Anampelekea mama watoto aonje. Tumeshapita."

"Vipande vyenyewe hivyo?"

"Basi mkewe ni mwembamba."

Mgeni alipoweka kidole mdomoni kuomba kimya, Wiebren alihakikisha kimya kinapatikana. Sjoerd alitumwa shuleni akazuie kengele ya mapumziko. Muuza mikate aliambiwa azime gari, alisukume. Hata mwanamke mmoja asiyejulikana, mwenye mkoba na gari dogo la njano, aliyefika ukingoni na kusema, "Samahani, mimi nimetoka..." hakuachwa amalize.

"Hata kama umetoka mbinguni, mama!" Wiebren alimkaripia kwa mnong'ono. "Huoni watu wako kazini? Ukitaka kupiga domo, nenda Boksterp!"

Mwanamke akatazama saa yake, akamtazama Wiebren, akaenda zake.

Saa tisa alasiri lilitobolewa tundu la arobaini na moja. Ukingoni kilikuwa kimesimama kijiji kizima, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Mgeni alikaa, akangoja, akatikisa kichwa. Hatimaye akasimama, akajipangusa magoti, akafunga sanduku lake, akamwendea Wiebren kwa uso mzito.

"Sema tu, mheshimiwa," Wiebren alisema. "Mimi mtu mzima, nitavumilia."

Mgeni akatoa kijitabu cha lugha kwenye koti, akapekua kurasa, akasoma polepole, neno moja moja.

"Barafu... nzuri... sana."

Kijiji kikalipuka. Wiebren akamkumbatia Geeske, wote wawili wakateleza wakaanguka, na huko huko chini wakaendelea kukumbatiana. Sjoerd akapuliza tarumbeta ya klabu mpaka mashavu yakawa mekundu. Muuza mikate akagawa maandazi bure, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yake.

Lakini mgeni aliinua mkono, alikuwa hajamaliza. Watu wakanyamaza. Akalamba kidole, akafunua ukurasa mwingine.

"Watu wema sana," alisoma. "Ila hapa kwenu, samaki wanaanza kudona saa ngapi?"