Kutoka Kunuka hadi Kunukia

Kwa siku ya tatu mfululizo mumewe alirudi kutoka kazini ananukia sabuni ya waridi, na Fundi akajua nyumba yake imeingiliwa.

Kwa miaka minne ya ndoa, Bomba alikuwa akinuka. Kazi yake ilikuwa kupuliza dawa ya wadudu kwenye mabanda ya maua, bomba mgongoni tangu asubuhi, na jina likamganda. Akiingia ndani, mbu walihama. Fundi, aliyeshonea mtaa mzima magauni katika chumba cha mbele, alishazoea. Alimpokea, akamvua ovaroli, akaitia kwenye nguo za kufua, wakala.

Mume anayenuka, alijiambia, nani atamgombania? Lakini anayenukia?

"Ovaroli iko wapi?"

"Nimeiacha."

"Wapi?"

"Huko huko."

"Na huko huko anaifua nani?"

Bomba akakohoa, akauliza kama chai ipo.

Kibaya zaidi, alianza mapenzi. Alikuwa akifika tu, anapiga magoti mbele ya tumbo la mkewe, la miezi saba, analisemesha na kulibusu. Zamani hakuligusa mpaka aambiwe.

"Huyo ana lake jambo," alihukumu wifi yake, ingawa mshtakiwa alikuwa kaka yake wa tumbo moja. "Mwanaume habembelezi hivyo bure. Mfuate. Ningekwenda mimi, lakini miguu yako ndiyo yenye hasira."

Alhamisi Fundi alifunika cherehani mapema, akaenda kujibanza nyuma ya gari bovu mkabala na geti la shamba. Mwenye tumbo la miezi saba hajibanzi akaenea, ila Bomba alipita kichwa chini, mbio mbio, kama mtu anayesubiriwa. Njia ya nyumbani hakuitazama hata kwa jicho moja. Alikata kushoto, akakata kulia, akasimama kwenye geti la bati la rangi ya kijani, akagonga mara mbili.

Akafungua mwanamke. Kitambaa kichwani, mikono ya gauni imekunjwa juu, uso wa mtu mwenye kazi nyingi. Bomba akaingia bila hata kukaribishwa. Geti likafungwa.

Fundi akabandika sikio kwenye bati.

"Umechelewa leo," ilisema sauti ya mwanamke. "Mwenzako ameshamaliza."

Mwenzako! Fundi akazidi kukandamiza sikio.

"Vua zote. Hata soksi. Mpaka nikuambie mara ngapi?"

"Kuna baridi, jamani."

"Utapata joto sasa hivi. Mkeo hajashtuka?"

"Hajui kitu," alisema Bomba, mume wake wa ndoa, kwa sauti ile ile ya kuombea chai. "Nitamwambia akishajifungua."

Fundi hakugonga. Alivua kiatu cha kulia, akakishika kwa kisigino juu kama nyundo, akalisukuma geti kwa bega. Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yalikuwa mengi, na la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi.

Likaishia hapo hapo.

Uani walisimama wanaume sita wa kikosi cha kupuliza dawa, kila mmoja na taulo kiunoni na ndoo mkononi, wamepanga foleni mbele ya bafu la mabati. Bomba alikuwa wa mwisho. Taulo lake lilikuwa la maua, na macho yake yalikuwa juu mawinguni, kama mtu asiyemfahamu kabisa huyo mwenye kiatu.

Mwenye nyumba alikuwa ameshavaa glavu za mpira hadi viwikoni, anakoroga ovaroli ndani ya pipa kwa mti mrefu. Alikitazama kiatu. Kisha akalitazama tumbo, na mkono ukaacha kukoroga.

"Simama hapo hapo, dada, usikanyage haya maji. Mumeo mpige ukitaka, ni haki yako, ila mwache aoge kwanza." Akavuta pumzi. "Ovaroli za mume wangu nilikuwa nazifua mwenyewe, beseni moja na nguo za mtoto. Mtoto ana miaka minne, na huu ni mwezi wa tano yuko wodi ya saratani. Nimewauliza madaktari kama ni hii dawa. Wanasema huenda, hawana uhakika. Kwa huyo wako aliyemo tumboni, mimi siwezi kusubiri wapate uhakika."