Jina kwenye Spika

Kombo, fundi redio, alikuwa ameunganisha spika za milango ya gari la matangazo na amplifaya, lakini sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayesemea mtungini. Bi Tatu alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Mumewe, ambaye siku hizi alikuwa akisahau mambo, alitoka asubuhi na hakuonekana tena.

"Jaribu tena, mama."

"Baba Salha, rudi nyumbani."

Maneno yakafifia. Kombo akafungua mlango wa kushoto, akakuta nyaya za spika amezipishanisha, akazigeuza.

"Haya, mwite. Sasa hata viziwi watasikia."

Bi Tatu alikishusha kipaza sauti mapajani.

"Mama?"

"Jana aliniuliza Salha ni nani."

"Basi mwite kwa jina lake mwenyewe."

"Mwanangu, tangu anioe sijawahi kulitamka."

Kombo akawasha gari, wakaenda taratibu. Majirani walikuwa wamesimama vibarazani, wakitazama. Bi Tatu akajifunika uso kwa ukingo wa kanga.

"Makame," alisema.

Jina likatoka milango yote miwili kwa pamoja, safi, likavuka mabati ya nyumba za mwisho, likaendelea.