Makofi ya Chumbageni

Shujaa alipoufunga mlango wa chumba cha upasuaji kwa mnyororo na kumwinulia daktari panga, ukumbi mzima wa sinema wa Chumbageni ulilipuka kwa makofi.

"Mkate panga!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Hajui uchungu wa mwana huyo!"

Mwanasiti hakupiga makofi. Alikaa safu ya nyuma kabisa, mtandio ameushusha hadi kwenye nyusi, mikono ameikalia kama aonaye baridi. Nje ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, na watu walijipepea kwa vitambaa.

Picha hiyo waliigiza vijana wa mjini hapo hapo, nao waliitoa kwenye kisa cha kweli cha miaka tisa nyuma. Baba mmoja alimpeleka bintiye hospitali, tumbo limemvimba, akaambiwa asubiri zamu. Akarudi na panga. Akawashika daktari na wauguzi wawili mpaka binti akapasuliwa. Kwenye picha walimbadilisha jina, lakini ukumbini kila mtu alilitaja lile la kweli.

"Masoud ndiye mwanamume," alisema Bi Zuleha, ajuza aliyeketi kiti cha jirani. "Akina baba wa siku hizi wangekwenda kulia msikitini. Mkewe na atembee kifua mbele. Au waonaje, mwanangu?"

"Mimi natazama tu, mama."

"Tazama, tazama. Uchungu wa mwana aujua mzazi."

Safu ya mbele alisimama Kristofa, mwalimu wa sekondari. "Lakini jamani," alisema, "siku ile hospitali ilikuwa na mgonjwa mmoja tu?"

"Kaa chini!"

"Hujazaa wewe, utajua nini!"

Mtu alimtupia maganda ya karanga. Mwanasiti alinyanyua shingo, akamtazama mwalimu yule kwa kitambo kirefu. Macho yao yalipokutana Kristofa aliinama na kukaa, akidhani amemuudhi.

Mwisho wa picha binti alifumbua macho akacheka, na baba akanyoosha mikono afungwe pingu. Wanawake walilia bila haya. Makofi yalipigwa mpaka watu wakatoka, wakaendelea kubishana barabarani, kila mmoja akisema angefanya vile vile.

Mwanasiti alibaki peke yake mbele ya ukuta mweupe.

"Imekwisha, dada," kijana wa mitambo alimwambia.

"Yote?"

"Yote."

Alirudi kwake Nguvumali kwa miguu. Akapika wali kibaba kimoja, akala nusu. Akafungua redio, si kwa kusikiliza, bali nyumba ipate sauti ya mtu.

Kesho yake, Jumapili, alikwenda gerezani na sabuni na dawa ya meno, kama afanyavyo kila mwezi. Askari wa mlangoni alikwisha kumzoea. Siku za mwanzo alikuwa akimwuliza yeye ni nani wake mfungwa. Sasa humwandika tu na kumwonyesha benchi.

Masoud alitoka taratibu. Alikuwa amekonda, ndevu zote nyeupe.

"Umekwenda kuitazama?" aliuliza.

"Nimekwenda. Watu walijaa hadi mlangoni."

"Wakasemaje?"

"Walikupigia makofi. Walikwita mwanamume."

Masoud hakufurahi. Alishika wavu uliokuwa baina yao, akaangalia chini. Tangu ahukumiwe hakuna ndugu aliyefika kumwona. Binti mwenyewe, Hafsa, kaolewa Pemba, na barua zake zilikoma mwaka wa pili.

"Hafsa wamemweka?"

"Wamemweka. Anapona, anacheka."

"Alhamdulillahi." Sauti yake ikashuka. "Na Fadhil?"

Mwanasiti alitikisa kichwa.

"Hata jina?"

"Hata jina. Nilingoja mpaka mwisho."

Masoud alilia kimya kimya. Mwanasiti alimwacha alie. Askari alipogonga meza kuonyesha kwamba muda umekwisha, mfungwa alifuta uso kwa kiganja.

"Miaka tisa nataka kukuuliza, sithubutu," alisema. "Wangu wote wamenitupa. Wewe waja kwa nini?"

"Nina hamu ya kumtaja, na huko nje sina wa kumtajia," alijibu Mwanasiti. "Duniani tumebaki wawili tunaomkumbuka mwanangu: mimi niliyemzaa, na wewe uliyemshusha kwenye kitanda cha upasuaji ukampandisha wako."